Maktaba ya Baba Placide

Kitabu kilichompa Padri Placide Tempels jina duniani alikiandika kwa Kiholanzi, kikachapwa kwanza kwa Kifaransa, nacho kilihusu watu ambao wengi wao hawakusoma lugha hata moja kati ya hizo. Mafundisho aliyoyatoa baadaye, yale yaliyowakusanya waume na wake zao katika kambi za migodi ya Katanga, yalikuwa ya Kiswahili, na hayo hakuyaachia kitabu cha Kiswahili. Leo maandishi ya Tempels yamewekwa kwenye intaneti, na mtu wa Brussels au Kinshasa anaweza kuyasoma bila kuinuka kitini. Lakini ukiyafungua ukiwa Lusangi, huku kusini mwa Maniema, katika nchi ya Kasongo na Kabambare ambako Kiswahili ni lugha ya soko, ya sala na ya ugomvi, unakuta nusu ya mtu. Historia ninayoisimulia ni ya jinsi nusu hiyo ilivyokusanywa, na jinsi nusu ya pili ilivyobaki njiani.

Njia yenyewe ni ya zamani. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora na Ujiji ilivuka Ziwa Tanganyika, ikapanda hadi Kabambare, ikashuka Kasongo, na mwisho ikafika Nyangwe kwenye ukingo wa mto Lualaba. Msafiri Livingstone alifika Nyangwe mwezi Machi 1871, na tarehe 15 Julai mwaka huo aliona kwa macho yake wafanyabiashara wakiwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Miaka michache baadaye mfanyabiashara Tippu Tip aliifanya Kasongo kuwa makao yake. Kiswahili kiliingia kwetu pamoja na pembe za ndovu, bunduki na minyororo, na sioni sababu ya kulificha hilo. Baadaye vita vya 1892 hadi 1894 vilileta bwana mwingine: Nyangwe ikaanguka mikononi mwa majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huohuo, na Kabambare mwezi Januari 1894. Mji wa kale wa Kasongo ukabaki magofu, na mahali pale panaitwa Tongoni hadi leo.

Bwana akabadilika, lugha ikabaki. Waungwana, watu wa misafara ile, na watoto wao waliendelea nayo, askari wakaishika, na mapadri na wachungaji wakaikuta imekwisha kuwa lugha ya watu wa makabila mengi. Huko Wayika, kaskazini zaidi kando ya Lualaba, mmisionari Mbaptisti John Whitehead alitoa mwaka 1928 kitabu cha sarufi ya Kingwana, yaani Kiswahili chetu hiki cha Kongo. Na kabla ya hapo Tippu Tip mwenyewe, alipozeeka na kurudi Unguja, alikuwa ameandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, nazo zikatolewa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa hiyo Kasongo iliingia katika maandishi ya Kiswahili mapema mno, mapema kuliko miji mingi inayojivunia elimu leo. Nitarudi kwenye kitabu hicho, kwa sababu mtu mmoja aliyekishughulikia ndiye pia aliyezikusanya barua za Tempels.

Kusini, katika Katanga, kampuni ya Union Minière iliundwa mwaka 1906 na mji wa Elisabethville ukaanza mwaka 1910. Wachimba shaba waliletwa kutoka mbali: Lomami, Kasai, Ruanda-Urundi, na kwingineko. Katika mchanganyiko huo Kiswahili kikawa lugha ya kambi. Wataalamu wamebishana sana kuhusu asili yake: wengine wanasema kilishuka na watu wa Maniema na misafara ya zamani, wengine wanasema kilipandwa na kampuni na serikali kwa faida yao. Mimi naona pande zote mbili zina ushahidi wa kutosha, na jambo ninaloweza kulisema bila wasiwasi ni dogo zaidi: mtu wa Kasongo akimsikiliza mtu wa Lubumbashi ataguna hapa na pale, lakini hatahitaji mkalimani.

Kitu kingine kilitokea kambini ambacho kitakuwa na uzito baadaye. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kampuni iliacha kutegemea vijana wa mkataba mfupi wanaokuja peke yao na kuondoka, ikaanza kutaka wafanyakazi wa kudumu. Ili wadumu, iliwataka waje na wake zao. Nyumba zikajengwa kwa ajili ya familia, posho ikapimwa kwa familia, shule na zahanati zikafunguliwa. Wanaume na wanawake waliotoka vijiji tofauti, mara nyingi mbali na wazazi, wajomba na mashangazi waliozoea kuisimamia ndoa, wakajikuta ukutani kwa ukuta, wawili wawili, wakiwa hawana mzee wa kumuuliza.

Katika nchi hiyo ndipo alipofika Frans Tempels. Alizaliwa tarehe 18 Februari 1906 huko Berlaar, katika sehemu ya Ubelgiji inayosema Kiholanzi. Aliingia shirika la Wafransisko, akachukua jina la Placide, akapewa upadri mwaka 1930, na mwaka 1933 akaja Kongo. Alifanya kazi kati ya Waluba wa Katanga. Alisimulia baadaye kwamba miaka yake ya kwanza alikuwa padri, mzungu na bwana kwa pamoja: aliamuru, alifundisha, alibatiza, na aliona kwamba maneno yake hayaingii ndani ya watu. Wamisionari wengi waliofika hapo waliwalaumu wasikilizaji. Yeye aliamua kuwa mwanafunzi wao. Aliuliza habari za dawa na majina, za laana na baraka, za ndoa, za wazee waliokufa na watoto wanaopewa majina yao. Alitaka kujua mtu huyu anayemhubiria anajionaje mwenyewe.

Jibu alilolipata ndilo kiini cha kitabu chake. Kwa Waluba, alisema, kuwa ni kuwa na nguvu. Uhai wa mtu hukua na hupungua. Hukuzwa na wazazi, na wahenga, na Mungu aliye chanzo cha yote, na hupunguzwa na uchawi, dharau, ugomvi na upweke. Hakuna mtu anayesimama peke yake kama jiwe. Leo jambo hili linaonekana la kawaida, hata limechakaa kwa kurudiwa katika hotuba. Mwaka 1945, katika koloni ambalo wazungu wengi walikuwa bado wanabishana kama Mwafrika anaweza kufikiri mambo yasiyoshikika kwa mkono, lilikuwa jambo la kuvunja urafiki.

Wakati ulikuwa mbaya pia. Mwezi Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma huko Elisabethville na wakapigwa risasi. Mwaka 1944 askari waliasi Luluabourg. Vita vya dunia vilikuwa vimeikamua Kongo mpira, shaba na jasho. Tempels aliandika makala katika gazeti la L'Essor du Congo akisema kwamba uasi wa watu una sababu zake na fikra zake. Wakili mmoja wa Elisabethville, Antoine Rubbens, alikuwa akiwakusanya wazungu waliotaka koloni ijisahihishe, na ndiye aliyeifasiri kazi ya Tempels kutoka Kiholanzi. *La philosophie bantoue* ilitoka Elisabethville mwaka 1945, chini ya jina la Lovania. Mwaka uliofuata matini ya Kiholanzi nayo ikachapwa Antwerp.

Askofu Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeiongoza Katanga kwa mkono mzito, alikichukia kitabu hicho na kutaka Roma ikilaani. Tempels alikwenda Ubelgiji mwaka 1946 na hakurudi Kongo hadi 1949. Mwaka huo wa 1949 Alioune Diop wa Senegali alikichapa tena Paris katika Présence Africaine, na kuanzia hapo kitabu kikawa na maisha yake. Alexis Kagame wa Rwanda alimjibu mwaka 1956 kwa kazi yake kubwa juu ya fikra za Wanyarwanda. Aimé Césaire alikuwa amekwisha kuuliza kwa ukali, katika hotuba yake juu ya ukoloni, faida gani Mbantu anapewa falsafa huku mali yake inachukuliwa. Paulin Hountondji wa Benin alisema kwamba falsafa haiwezi kuwa mali ya kabila zima lisilojua kwamba linayo. Nawapa haki wakosoaji hawa. Tempels aliandika waziwazi kwa ajili ya wakoloni wenye nia njema. Mwenye kitabu alikuwa mzungu, msomaji aliyemfikiria alikuwa mzungu, na Mluba alikuwa katikati akizungumziwa. Kosa hilo halifutwi kwa kumsifu.

Lakini wakosoaji wengi walisimama kwenye kitabu, na Tempels hakusimama hapo. Aliporudi aliwekwa katika eneo la Kolwezi, penye migodi ya Ruwe na Musonoi, na hapo, karibu mwaka 1953, kikaanza kile ambacho watu wenyewe walikiita Jamaa. Hakuwa tena na Waluba wa vijijini peke yao. Alikuwa na watu wa kambi, wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Alikaa na mume na mke pamoja, jambo ambalo kanisa la siku zile halikulizoea, kwa sababu katekesi ilikuwa ya watoto darasani na mahubiri yalitoka juu ya mimbari. Aliwauliza wanatamani nini. Majibu yakakusanyika katika mambo matatu ambayo kila mwana-Jamaa angeyataja bila kusita: uzima, uzazi na mapendo. Mtu anataka kuishi kwa ukamilifu, anataka kuzaa na kuendelea kuwa na watu, anataka kupenda na kupendwa. Mafundisho yote ya Jamaa yalipita humo, kuanzia Adamu na Eva hadi Bikira Maria na Mwanawe, na kutoka kwao hadi chumba cha mchimba shaba na mke wake.

Padri mwenyewe akawa Baba Placide. Waliofundishwa waliitwa baba na mama, na waliwazaa wengine kwa mafundisho, na kila aliyezaliwa alijua ni nani waliomzaa. Kulikuwa na hatua za kupita, ziitwazo njia, na hakuna aliyeingia njia ya pili kabla ya kuiva katika ya kwanza. Haya hayakuwa maneno ya kupamba. Kwa watu walioachana na ukoo wao ili wafuate mshahara, kupewa baba na mama katika imani kulijaza pengo ambalo posho ya kampuni haikulijaza. Ndoa ikawa shule. Wanaume waliokuwa wanawaamuru wake zao wakajifunza kuzungumza nao juu ya mawazo yao, na wanawake waliofundisha walisikilizwa na wanaume. Ninaamini kwamba hapa Tempels alifanya kazi kubwa kuliko ile ya 1945, kwa sababu safari hii wale aliokuwa amewazungumzia ndio waliokuwa wanazungumza.

Aliondoka Kongo mwaka 1962. Mwaka huo kilitoka Léopoldville kitabu chake kidogo cha Kifaransa, *Notre rencontre*, ambamo anaeleza jinsi alivyobadilika kutoka bwana hadi mtu aliyekutana na watu. Aliishi Ubelgiji hadi kifo chake huko Hasselt tarehe 9 Oktoba 1977. Jamaa haikumngoja. Ilienea Katanga na Kasai, na kadiri ilivyoenea ndivyo maaskofu walivyozidi kuitilia shaka: walei wanaofundisha bila padri, siri za njia, makundi yaliyojitenga na kwenda kivyao. Katika miaka ya 1970 ilibanwa sana. Wengine walitii, wengine wakatoka. Kwa historia yetu, matokeo yake ni haya: watu wenye mafundisho katika kumbukumbu zao walijifunza kunyamaza.

Waliobaki na kumbukumbu ya maandishi walikuwa wageni wawili. Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Ujerumani, alifika Katanga miaka ya 1966 na 1967 akiwa na mashine ya kurekodi, akajifunza Kiswahili cha pale, akaketi katika mafundisho, na kitabu chake juu ya Jamaa kikatoka mwaka 1971. Willy De Craemer, Mjesuiti, akatoa chake mwaka 1977, akitazama zaidi uhusiano wa Jamaa na kanisa. Vyote viwili ni vya Kiingereza. Kwa mara nyingine tena wana-Jamaa walizungumza Kiswahili, na msomaji akawasoma kwa lugha nyingine.

Sasa tufike kwenye maktaba. Kazi ya kumkusanya Tempels ilianza kwa karatasi. Makala zake zilikuwa zimetawanyika katika magazeti ya koloni ambayo hata wachapaji wake hawakuhifadhi nakala zote. Padri A. J. Smet, mwalimu wa Kitivo cha Teolojia cha Kinshasa, alizitafuta na kuzitoa upya kwa ajili ya wanafunzi. François Bontinck, mwanahistoria wa shirika la Scheut, alitoa mwaka 1985 barua ambazo Tempels aliandikiana na Gustaaf Hulstaert kati ya 1944 na 1948. Hulstaert alikuwa msomi wa Bamanya, karibu na Mbandaka, mmoja wa waanzilishi wa jarida la Aequatoria la mwaka 1937, na barua hizo zinamwonyesha Tempels akitafuta maneno, akikosolewa, akibisha, akirekebisha. Ni usomaji mzuri kuliko kitabu chenyewe, kwa maoni yangu, kwa sababu fikra bado iko motoni. Na huyu Bontinck ndiye yule niliyeahidi kurudi kwake: mwaka 1974 alikuwa ametoa Brussels tafsiri ya Kifaransa, yenye maelezo mengi, ya habari za maisha ya Tippu Tip. Meza iliyopitiwa na Kasongo ya karne ya 19 ndiyo iliyopitiwa na barua za Baba Placide.

Kituo cha Aequatoria, kilichofufuliwa kwa jarida jipya mwaka 1980 na kusimamiwa kwa miaka mingi na Honoré Vinck, ndicho kilichomweka Tempels kwenye intaneti. Kurasa zake zilileta habari za maisha yake, orodha ya kazi zake, na matini ya kitabu kile kwa yeyote atakaye kusoma. Kwa Mkongo jambo hili lilikuwa na maana kubwa. Toleo la 1945 halipatikani Kasongo. Hata Kinshasa ni la kutafuta. Mwanafunzi wa seminari aliyekuwa akisikia jina la Tempels darasani kupitia maneno ya wakosoaji wake aliweza kwa mara ya kwanza kumsoma mwenyewe na kuamua.

Kujenga maktaba ya aina hii si kupiga picha kurasa tu. Picha ya ukurasa haisomwi na kompyuta mpaka programu itambue herufi moja moja, na karatasi ya wakati wa vita, nyembamba na yenye wino uliovuja, huikosesha programu hiyo kila mstari. Lazima mtu akae na kusahihisha. Lazima aamue ni toleo lipi litakuwa la msingi pale Kiholanzi na Kifaransa vinapotofautiana. Lazima aandike kando ya kila faili nani aliandika, lini, wapi, kwa lugha gani, la sivyo faili inapotea palepale ilipohifadhiwa. Mfano mkubwa wa subira hiyo ni wa Mjesuiti wa Italia, Roberto Busa, aliyekwenda mwaka 1949 kumwona Thomas Watson wa IBM akiomba mashine zake zimsaidie kupanga maneno yote ya Thoma wa Akwino. Kadi zilitobolewa kwa mikono ya wanawake vijana huko Gallarate, moja baada ya nyingine. Maneno yalikuwa kama milioni 11. Kazi ikatoka katika majalada 56 yaliyokamilika mwaka 1980, ikaingia kwenye diski mwaka 1989, na mwaka 2005 ikawa kwenye intaneti. Miaka 56 kwa mwanateolojia mmoja, na huyo alikuwa ameandika kwa Kilatini ambacho kila chuo kilikihifadhi.

Kuna pia sheria. Ubelgiji inalinda kazi ya mwandishi kwa miaka 70 baada ya kifo chake, na kwa Tempels hiyo ni hadi mwisho wa mwaka 2047. Sheria ya Kongo ya mwaka 1986 inatoa miaka 50, ambayo kwake inaisha mwisho wa 2027. Rubbens kama mfasiri ana haki yake ya pekee, na Colin King, aliyekifasiri kwa Kiingereza mwaka 1959, vilevile. Anayetaka kuweka maandishi ya Tempels mbele ya watu wa Maniema hana budi kuyajua haya kabla hajaanza.

Na mafundisho ya Kiswahili je? Hapa sheria haisaidii sana, wala mashine ya kupiga picha. Jirani wa karibu wa kazi ya kuyahifadhi yuko Amsterdam. Fabian alipokuwa profesa huko, yeye na Vincent de Rooij walianza mwishoni mwa miaka ya 1990 hifadhi ya intaneti ya Kiswahili cha watu wa kawaida wa Kongo. Humo aliweka mazungumzo aliyoyarekodi miaka ya 1970, likiwemo lile refu na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliyeichora historia ya Zaire, na lile la mganga Kahenga aliyeeleza kazi yake. Humo pia kuna historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha kambi kisichojali sarufi ya shule. Kila matini ina Kiswahili chake kama kilivyosemwa, tafsiri ya Kiingereza kando, na maelezo. Katika kitabu cha mwaka 2008, Fabian alieleza kilichobadilika: zamani mtafiti alichukua maneno ya watu na kumwachia msomaji hitimisho lake, sasa maneno yenyewe yapo, na mtafiti hubaki kuyafafanua tu, huku msomaji akiweza kumpinga.

Naiheshimu kazi hiyo kuliko ninavyoweza kueleza. Ilithibitisha kwamba mtu asiyeandika kitabu anaweza kuwekwa maktabani kwa maneno yake mwenyewe. Hicho ndicho maktaba ya Tempels inachokidai. Kama maktaba ya Busa ingeacha nusu ya Akwino kwa sababu aliwaamuru makatibu waandike badala ya kuandika mwenyewe, tungecheka. Teolojia ya Baba Placide ya miaka ya 1950 ilikaa katika vinywa vya baba na mama wa Jamaa, katika jinsi walivyoirudia, kuiongeza na wakati mwingine kuipinga. Maktaba yake kamili itakuwa na majina yao, wakikubali majina yatajwe. Itakuwa na tepu zilizonakiliwa kabla sumaku yake haijakufa. Itakuwa na kanuni ya kuandika Kiswahili cha Kongo bila kukivalisha koti la Dar es Salaam, kwa sababu ukirekebisha sarufi ya msemaji umempa mtu mwingine maneno yake. Na itakuwa na ruhusa: mafundisho ya njia hayakuwa ya kila sikio, na watu walioteswa na kanisa lao kwa ajili yake wana haki ya kusema yapi yabaki ndani.

Kazi ya kuandika tepu hizo haihitaji mtaalamu wa Ulaya. Inahitaji masikio yaliyozaliwa na lugha hii, na masikio hayo yamejaa Kasongo, Kabambare na Lusangi. Kijana aliyemaliza sekondari hapa, akipewa simu, spika za masikioni na mwongozo wa kurasa chache, ataandika saa moja ya mafundisho kwa usahihi ambao mtaalamu wa chuo cha mbali angeutafuta kwa mwezi. Intaneti yetu ni ya kukatika, lakini watu hubadilishana nyimbo, mahubiri na filamu kwa kadi za simu kila siku ya soko, na umeme wa jua unachaji simu hizo. Maktaba inaweza kusafiri kwa njia hiyohiyo, mradi iandaliwe kama faili ndogo za sauti na maandishi zinazofunguka bila mtandao.

Jambo hili linatugusa kwa sababu nyingine pia. Kasongo imekuwa jimbo la kitume tangu 1952 na dayosisi tangu 1959, na ilikuwa na askofu ambaye maneno yake yako katika hatari hiyohiyo. Christophe Munzihirwa, Mjesuiti aliyezaliwa mwaka 1926 huko Bushi, aliletwa Kasongo mwaka 1986 kuwa askofu mwandamizi na akaiongoza dayosisi kuanzia 1990. Wengi wanamkumbuka kwa mwaka 1971, Mobutu alipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lovanium, naye akaomba aandikishwe pamoja nao. Mwaka 1994 akawa Askofu Mkuu wa Bukavu, mwaka ambao wakimbizi wa Rwanda walifurika Kivu, na barua zake za Kifaransa juu ya wakimbizi, majeshi na ukimya wa dunia zimechapwa na kusomwa mbali. Aliuawa Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

Barua za Bukavu zinajulikana. Mahubiri ya Kasongo, ya miaka minane, aliyoyatoa kwa Kiswahili katika parokia zilizo mwisho wa barabara mbaya, hayajulikani hivyo. Makatekista waliomsikia wakiwa vijana wamepita sasa miaka hamsini. Kuna daftari ambazo walinakili alichosema ili wakakirudie vijijini. Kuna kaseti zilizorekodiwa katika sherehe za kipaimara na upadrisho, zimewekwa kwenye masanduku pamoja na nguo za kitenge. Daftari hizo zinaliwa na mchwa, na kaseti hazina tena mashine ya kuzichezea.

Kwa hiyo ningeanzia hapo, kabla ya Tempels. Ningeanza na makatekista wa Lusangi, mmoja mmoja, kwa simu iliyochajiwa na daftari la kuandikia jina, mahali na tarehe ya kila rekodi. Ningewauliza alichosema askofu walipokuwa wanaketi chini ya mwembe wa parokia, na ningewaacha wakisimulie kwa Kiswahili chao, wakiongeza na wakibishana. Wakimaliza, tungekuwa na watu wanaojua kazi hiyo, na hao ndio wangetumwa Kolwezi kuwatafuta wazee wa Jamaa waliobaki, wakiwa na barua ya utambulisho na muda wa kutosha wa kukaa nao.